Tulipoikimbia Baridi ya Ufipa

Aliyewahi kukaa Sumbawanga mwezi wa Juni hana haja ya kusimuliwa habari za baridi. Upepo huvuma kutwa juu ya uwanda ule usio na miti mingi, na jua linapozama kila nyumba hufunga milango mapema. Watoto hulala watatu watatu chini ya blanketi moja. Maji ya kunawia asubuhi huuma vidole. Nasi wauguzi hupokea wagonjwa wa mafua na kifua mpaka mkono unachoka kuandika. Mji wetu uko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haiwaonei huruma wazee.

Nyumbani kwetu mzee huyo ni mama mzazi wa Baba watoto, ambaye sote tunamwita Bibi. Mwaka 2019 alikuwa na umri wa miaka 74. Baridi yabisi ilikuwa imemkamata magoti na vidole. Miezi mingine ya mwaka alisuka vikapu vyake vizuri, akavigawa kwa wajukuu na kwa majirani. Lakini kila ilipofika Juni vidole vilikakamaa, kazi ikawekwa kando, naye akawa anaomba kitu kimoja tu: jiko lake la mkaa chumbani.

Alfajiri moja mwanzoni mwa Juni mwaka huo tulimwita asiitike. Tulipoufungua mlango tulimkuta ameketi chini kando ya kitanda, anatapika, kichwa kinamuuma, miguu haimchukui. Jiko lilikuwa limewaka usiku kucha, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia ili upepo usipenye. Tulimbeba tukamtoa uani, tukamfunika blanketi mbili, naye akawa anavuta hewa safi huku sisi tukitetemeka kwa hofu kuliko kwa baridi. Kisha tulimpeleka hospitali. Mungu alitusaidia, hadi jioni alikuwa amerudi katika hali yake.

Akina mama wenzetu, kwa miaka mingi tumesimama mbele ya wanawake kliniki tukiwaambia kwamba mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba aliyelala anaweza asiamke. Tuliyasema hayo kwa sauti kubwa. Kumbe ndani ya nyumba yetu wenyewe jiko lililala chumbani na mzee wetu. Tulilijua jambo hilo, nasi tulilinyamazia kwa sababu alikuwa analalamika baridi na hatukuwa na jibu jingine.

Jioni ile Baba watoto alisema, "Mama hawezi kuumaliza mwezi wa saba hapa. Tumtafutie joto."

Fedha ya mabati

Haikuwa rahisi kukubaliana. Tulikuwa tumeweka akiba ya shilingi 600,000 kwa ajili ya kuezeka jiko la nje, na mwenye jiko ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Safari ya kwenda kukaa tu, bila harusi wala msiba, ilionekana kwetu kama anasa ya watu wenye nazo. Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu Bibi mwenyewe alisema, bila kumlenga mtu, kwamba marehemu baba yake alizoea kumsimulia habari za Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali alipokuwapo mganga mweusi aliyeponya watu zamani za wamisionari, naye hajawahi kupaona. "Nilidhani nitapaona kabla sijafa," akasema, akaendelea kunywa uji wake.

Basi mabati yakasubiri.

Shule zilikuwa zimefungwa, nasi tulikuwa na likizo ya wiki mbili. Shemeji yetu alituazima Land Cruiser yake kuukuu. Tulifunga mizigo kwa uangalifu wote wa kiuuguzi: maji ya kunywa, dawa za maumivu, chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini kama mtoto atahara, bandeji, tochi, na vyandarua vitatu vyenye dawa. Tulikuwa watu sita: Bibi, sisi wawili wazazi, na watoto watatu, wa mwisho akiwa na miaka 6. Tulihesabu kwamba vyandarua vitatu vitatutosha, wawili kwa kila kimoja. Tafadhali, msomaji, ikumbuke hesabu hiyo.

Kushuka Lyamba lya Mfipa

Kutoka Sumbawanga hadi Mpanda ni safari ya yapata kilometa 240. Tuliondoka saa 12 asubuhi, Bibi amevaa makoti mawili na kitenge kichwani, na maji ya moto kwenye chupa ya plastiki iliyoviringishwa taulo magotini pake. Tulipita Chala tukiwaona wachungaji wamejifunika mablanketi barabarani. Tukasonga mbele hadi Kizi, na baada ya hapo nchi ikaanza kuporomoka.

Mteremko ule huitwa Lyamba lya Mfipa, nao ndio ukingo wa nchi ya Ufipa. Ukiwa juu unaona bonde limetandazwa chini yako, lina ukungu wa joto, na barabara inashuka kwa kona baada ya kona. Walimu wa jiografia hufundisha kwamba kila unaposhuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi kama 6. Sisi tulilisoma somo hilo kwa Bibi. Kona za kwanza alilegeza kitenge. Katikati ya mlima akavua koti la juu. Tulipofika chini alivua la pili, akafungua kioo cha dirisha kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Eh! Kumbe dunia haijaganda yote."

Tulipumzika Kibaoni, kijiji cha nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, tukanywa chai na kula mihogo ya kukaanga. Tangu hapo hadi Sitalike barabara ilikuwa ya vumbi, nayo inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974 na ikapanuliwa mwaka 1998, na sasa ina eneo la kilometa za mraba 4,471. Jina lake limetokana na Katabi, mzimu ambao wenyeji wa zamani waliamini kuwa unakaa kwenye mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi.

Humo ndani ndimo gurudumu la nyuma lilipopasuka.

Ndugu msomaji, kubadili gurudumu barabarani si jambo kubwa. Lakini kulibadili ndani ya hifadhi, mahali ambapo hutakiwi kutoka garini ovyo kwa sababu ya simba na nyati, na huku mbung'o wanakuja kwa makundi, ni habari nyingine. Mbung'o hufuata kitu kinachokwenda, hivyo walikuwa wameandamana na gari kwa muda mrefu, na liliposimama wakaingia. Wanauma hata juu ya nguo. Mtoto wetu wa pili alikuwa amevaa sweta la shule la bluu iliyoiva, naye ndiye aliyeumwa kuliko wote, maana rangi ya bluu na nyeusi huwavuta sana wadudu hao. Bibi alivua kitenge chake akawa anawachapa kulia na kushoto huku akiwaita majina ya Kifipa ambayo hatutayaandika hapa. Kwa bahati basi la abiria lilikuja nyuma yetu. Dereva na kondakta wake wakashuka, wakamsaidia Baba watoto kubadili gurudumu, wakakataa hata soda. Mungu awabariki popote walipo.

Viboko wa Sitalike

Sitalike ni kijiji kilicho mlangoni mwa hifadhi, na ndipo yalipo makao makuu yake. Mto Katuma unapita hapo hapo, na ukisimama mahali salama kando ya daraja unawaona viboko bila kulipa kwenda mbali. Tuliwahesabu hadi thelathini tukaacha. Walikuwa wamelaliana majini kama magunia, mgongo juu ya mgongo, wakipiga miayo. Watoto walitaka kujua kwa nini hawatoki. Tuliwaeleza kwamba ngozi ya kiboko hukauka na kuungua juani, hivyo mchana hujificha majini na usiku hutoka kula majani, tena kwa wingi, hata kilo 40 kwa usiku mmoja. Tuliwaonya pia kwamba mnyama huyu mnene anayeonekana mvivu hukimbia kuliko mtu, na ni hatari sana ukisimama kati yake na maji.

Kadiri kiangazi kinavyoendelea, hadi Septemba na Oktoba, mto hupungua na viboko husongamana kwenye madimbwi machache yaliyobaki, nao mamba hujichimbia mapangoni kwenye kingo za mto. Juni maji yalikuwa bado yapo. Bibi aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba naye angekuwa na ngozi kama ile asingehangaika na makoti.

Mpanda

Tuliingia Mpanda jioni. Huu ndio mji mkuu wa Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Mji wenyewe una historia ya madini. Reli inayotoka Kaliua hadi hapa ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kusomba madini ya risasi, na mpaka leo stesheni ile ndiyo mwisho wa reli.

Mwenyeji wetu alikuwa muuguzi mwenzetu ambaye tulisoma naye chuoni. Wazazi wake walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, naye alizaliwa katika makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa mwaka uliofuata si mbali na Mpanda. Yeye na jamaa zake ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliokubaliwa kuwa raia wa Tanzania baada ya kuishi ugenini karibu miaka arobaini. Alitupokea kwa ugali wa muhogo, maharage na kisamvu, akatutandikia vitanda vyake, yeye na wanawe wakalala kwa jirani.

Mama yake, aliyekuwa na umri kama wa Bibi, alikuja kutusalimu. Wazee wale wawili waliketi chini ya mwembe mpaka usiku. Bibi alimweleza baridi ya Ufipa kwa mikono yote miwili. Yule mama akamsikiliza, kisha akamwambia, "Dada yangu, mimi nimekaa kwenye joto hili miaka yote, lakini miaka ile ya kwanza nilitetemeka, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniuliza umeamkaje." Tulijifunza jambo hapo. Tulikuwa tukidhani Bibi anahitaji joto la jua tu. Kumbe Sumbawanga, tulipokwenda kazini na watoto shuleni, alikaa peke yake na jiko lake kutwa nzima.

Karema

Baada ya siku tatu tuliendelea hadi Karema, mwendo wa yapata kilometa 120 upande wa magharibi, kwa barabara ya vumbi inayopita msituni kisha kushuka tena kuelekea ziwani. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi tu kutoka usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 1,000 chini ya kitanda cha Bibi cha Sumbawanga. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani kote ni ziwa moja tu lililo refu kwenda chini kuliko hilo, nalo ni Baikal la Urusi. Upande wa pili, siku ya anga safi, unaiona milima ya Kongo.

Tulifikia kwa familia moja ya Kikristo tuliyounganishwa nayo na akina mama wa kanisa. Kijiji kilinuka dagaa waliotandazwa mchangani kukauka, na kila jioni tulikula migebuka waliochomwa. Asubuhi Bibi aliketi kwenye mchanga, miguu ameinyoosha, akijifukia magoti kwa mchanga wa vuguvugu kama mtoto. Hatumdanganyi msomaji kwamba joto linaponya baridi yabisi, maana haliponyi. Lakini hulegeza viungo vilivyokakamaa na kupunguza maumivu. Siku ya nne tulimkuta anasuka. Alikuwa ameomba ukindu kwa mwenye nyumba, na vidole vilivyolala tangu Mei vilikuwa vinakwenda.

Tulikwenda naye kuyaona majengo ya misheni. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili walijenga ngome hapa karibu na maji. Miaka ile ziwa lilikuwa likipungua, na haukupita muda ngome ikabaki mbali na ufuko. Mwaka 1885 waliikabidhi kwa wamisionari wa Kanisa Katoliki, Mapadre Weupe.

Na huyo mganga mweusi wa masimulizi ya Bibi ni mtu kweli. Aliitwa Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Afrika Magharibi, karibu na mto Niger. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, mpaka Mapadre Weupe walipomkomboa huko Algeria. Walimsomesha, wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza uganga, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa daktari na katekista. Alioa binti wa hapa hapa, wa kabila la Wabende, na hakuondoka tena. Alitibu watu wa mwambao huu kwa miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Sisi tulio katika kazi hii tulinyamaza kidogo. Mtu aliyeibwa kwao, aliyekuwa na kila sababu ya kuwachukia binadamu, alikaa penye joto na mbu na homa akihudumia watu wasio wa kabila lake, bila maabara kama tulizo nazo leo. Nasi mara ngapi tumenung'unika kwa sababu ya zamu ya usiku? Bibi aliinama, akasema, "Baba, nimefika." Hatukuuliza alikuwa akisema na nani kati ya baba yake mzazi na Baba wa mbinguni.

Kosa letu

Sasa tunakuja kwenye sehemu ambayo tungependa kuiruka. Nyumba ya wenyeji wetu ilikuwa na bati, na usiku joto lilikuwa kali kwetu tuliotoka baridini. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanawasha taa zao ziwani, mamia ya taa, utadhani mji umejengwa juu ya maji. Watoto waliomba walale barazani kwenye mkeka ili wazione. Barazani hapakuwa na mahali pa kufunga chandarua. "Usiku wa leo tu," tukasema. Usiku wa leo tu ukawa siku tatu. Tuliwapaka mafuta ya kufukuza mbu mwanzo wa usiku, na kuanzia saa sita hakuna aliyeamka kuwapaka tena. Sisi tulilala vizuri ndani, chini ya chandarua.

Tulirudi Sumbawanga mwishoni mwa Juni, tumenenepa, tumebeba dagaa na vikapu viwili vipya. Siku ya nane tangu turudi, mtoto wetu wa mwisho aliamka na homa na kichwa. Ilikuwa Julai Sumbawanga, darasa lake zima lilikuwa linakohoa. Tukasema ni mafua. Tulimpa panadol, tukamfunika, homa ikashuka, ikapanda tena. Usiku wa pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu asubuhi alitapika, na kulipokucha vizuri akaanza kuweweseka, akimwita mtu asiyekuwapo.

Aliyesema neno ni Bibi. Alikuja mlangoni na fimbo yake. "Mwanangu," akasema, "huyu mtoto alilala nje kule ziwani. Mbona hamjampima?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulimkimbiza hospitali. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, nayo ilikuwa imeshakuwa kali. Alilazwa, akachomwa sindano za artesunate, na alipopata nguvu ya kumeza akaanzishiwa dawa mseto. Usiku ule mmoja kando ya kitanda chake ulikuwa mrefu kuliko safari yote. Siku ya pili alifungua macho akauliza kama viboko nao hulazwa. Hapo tulilia, muuguzi na mama kwa pamoja.

Malaria ya kawaida ya nchi yetu mara nyingi hujitokeza kati ya siku 7 na 14 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Kwa hiyo anayeumwa Karema anaweza kuugua akiwa Sumbawanga, Njombe au Makete, mahali ambapo kila mtu atasema ni mafua. Na watoto wetu wa nyanda za juu hawajazoea ugonjwa huo mwilini kama watoto wa mabondeni, hivyo huweza kuzidiwa haraka.

Kabla hujafunga mizigo

Hatuwaambii msisafiri. La hasha! Nendeni. Siku hizi njia zimekuwa rahisi. Barabara ya lami kati ya Tabora na Mpanda ilizinduliwa mwaka 2022, na Karema nako imejengwa bandari ambayo haikuwapo tulipokwenda. Lakini tunaomba mzingatie haya:

Kila anayelala awe na nafasi chini ya chandarua, na kamba za kufungia ziwepo hata kwa baraza. Kama hakuna mahali pa kufunga, mtoto asilale hapo, hata akilia.

Anayepita hifadhini avae nguo za rangi ya udongo au majani makavu, asivae bluu wala nyeusi, na vioo vifungwe. Baadhi ya mbung'o hueneza malale. Homa baada ya kuumwa nao isipuuzwe.

Kabla ya kuoga ziwani, waulize wenyeji mahali penye mamba na mahali penye kichocho. Penye majani na maji yaliyotulia usiingie.

Mama mjamzito asisafiri kwenda mabondeni kabla ya kuonana na wahudumu wa kliniki.

Mkirudi, andikeni tarehe ya kurudi kwenye kalenda ukutani. Homa yoyote katika wiki zinazofuata, nendeni mkapime siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia mhudumu liwe hili: "Tumetoka safari, tulikuwa mahali fulani." Msinywe dawa mseto kwa kubahatisha bila kupima.

Na jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu, iwe Juni au Desemba. Lipasheni chumba moto mapema huku dirisha liko wazi kidogo, kisha litolewe nje kabla mzee hajalala.

Tangu mwaka ule tumekwenda Katavi mara mbili zaidi. Mabati ya jiko yalipatikana baadaye, na mvua haikutumaliza. Bibi sasa hasubiri kuulizwa. Ifikapo Mei huanza kuuliza shule zinafungwa lini. Na nyumbani tumebadili jambo moja ambalo halikugharimu kitu: siku za baridi hatumwachi peke yake na jiko. Kila mchana mjukuu mmoja au jirani mmoja huketi naye, akisuka au akisikiliza habari za Karema.

Kikapu alichokisuka kule ufukoni tunacho. Ndani yake tunaweka vyandarua vya safari. Sasa viko vinne.